Gari Linachemsha Baada ya Kubadilisha Kulanti: Hewa Imebaki au Inaingia?

Umemwaga kulanti (maji ya kupozea injini) ya zamani, umesafisha, umejaza mpya, na sasa mshale wa joto unapanda kuliko ulivyokuwa kabla hujagusa kitu. Usikimbilie kununua themostati (vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto), pampu au rejeta. Jibu kwanza swali moja: hewa iliyo ndani ya mfumo ilibaki wakati wa kujaza, au kuna mahali inaingia kila injini inapofanya kazi? Hewa iliyobaki hutoka, na ikishatoka hairudi. Inayorudi ina chanzo, na ukiitoa mara kumi itarudi mara ya kumi na moja. Karibu kila dalili hapa chini itakurudisha kwenye swali hilo.

Kabla ya kugusa kifuniko

Kifuniko cha rejeta kinashikilia shinikizo, kwa magari mengi kati ya bar 0.9 na 1.4. Kwenye bar 1, maji matupu huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Ukifungua yakiwa nyuzi 110, shinikizo linaanguka na sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo, ikirusha maji mengine usoni na mikononi. Subiri hadi uweze kushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuuachia, na ukiubonyeza uwe laini. Hapo funika kifuniko kwa kitambaa kinene, zungusha nusu, sikiliza, kisha malizia.

Injini iliyochemka usiimwagie maji baridi, si kwa ndani wala kwa nje. Silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) ya alumini hupinda, na ya chuma cha kusubu inaweza kupasuka. Zima na usubiri. Feni ya umeme kwenye baadhi ya magari huwaka yenyewe hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo chomoa plagi yake kabla ya kuweka mikono karibu.

Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli. Ni tamu, na ni sumu inayoharibu figo. Mbwa, paka na watoto huionja wakiikuta kwenye bakuli au dimbwi. Ya zamani itie kwenye dumu lenye kifuniko, liandike, ulipeleke panapopokelewa oili chafu na kemikali. Usiimwage kwenye mtaro wala ardhini.

Umejaza, lakini kiasi kilichoingia ni kidogo kuliko kilichotoka

Hiki ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, na wengi hukiruka. Mwaga kwenye chombo chenye alama za lita. Zikitoka lita 4 na zikaingia 3.2 huku rejeta ikionekana imejaa hadi shingoni, lita 0.8 za hewa zimo ndani ya injini, mara nyingi kwenye njia za maji za silinda hedi na kwenye rejeta ndogo ya hita. Hakuna haja ya kubahatisha.

Kumwaga kupitia koki ya chini ya rejeta hakumalizi kulanti yote. Gari dogo lenye mfumo wa lita 6 linaweza kubakiza lita 2 hadi 3 ndani ya bloku (mwili wa injini), isipokuwa ukifungua pia nati ya kumwagia kwenye bloku, kama ipo. Hilo linaleta kosa jingine. Ukisafisha kwa maji halafu ukajaza kulanti iliyochanganywa tayari nusu kwa nusu, maji yaliyobaki kwenye bloku yanaizimua. Piga hesabu: mfumo wa lita 6, maji yaliyobaki lita 2.5, umeongeza lita 3.5 za mchanganyiko. Glaikoli ni lita 1.75 tu ndani ya lita 6, yaani asilimia 29. Kinga dhidi ya kutu imepungua, na kiwango cha kuchemka kimeshuka. Baada ya kusafisha kwa maji, nunua kulanti nzito isiyochanganywa. Tia kwanza nusu ya ujazo wote wa mfumo, hapa lita 3, kisha jazia kwa maji yaliyosafishwa, yale ya kutia kwenye betri. Ujazo kamili umeandikwa kwenye kitabu cha gari.

Usizidishe pia. Glaikoli hubeba joto kidogo kuliko maji, na kupita asilimia 60 hadi 70 unaharibu upozaji na kinga ya baridi kwa pamoja. Kulanti tupu bila maji inafanya gari lichemke.

Hita inapuliza baridi, au inapata joto ukikanyaga mafuta tu

Rejeta ya hita hukaa nyuma ya dashibodi, na kwenye magari mengi iko juu kuliko rejeta ya mbele au inakaribiana nayo. Hewa hupanda, ikajificha hapo. Injini ikinguruma taratibu, pampu haina nguvu ya kuisukuma. Ukiongeza mizunguko, maji yanapita kwa muda na hita inapata joto, kisha inapoa tena. Sauti ya maji yanayochuruzika nyuma ya dashibodi unapowasha gari ni ushahidi wa jambo hilohilo. Hata kama huhitaji hita maishani mwako, ni kipimaji kizuri cha hewa. Hapa ndipo kutoa hewa kwa utaratibu kunapohitajika:

1. Gari liwe limepoa. Inua upande wa mbele kwa jeki na uuegemeze kwenye stendi, au liegeshe kwenye mwinuko mdogo likitazama juu, ili shingo ya kujazia iwe sehemu ya juu kuliko zote. Zuia magurudumu ya nyuma kwa kabari.
2. Weka hita kwenye joto la mwisho na feni yake mwendo wa chini. Kwenye magari yenye vali ya hita, vali ikiwa imefungwa hakuna hewa itakayotoka upande huo. AC izimwe.
3. Tafuta skrubu za kutolea hewa. Huwa kwenye nyumba ya themostati, kona ya juu ya rejeta, au kwenye mpira wa hita karibu na ukuta wa injini. Zilegeze, mimina kulanti polepole, na kila moja uifunge pale tu inapotoa uzi wa maji usio na mapovu. Anza na ya chini, malizia na ya juu. Nyingi ni za shaba au plastiki, kwa hiyo zikaze kwa upole.
4. Bana faneli ndefu kwenye shingo, ile yenye kishikizo kisichovujisha, na uijaze robo tatu. Kina hicho cha maji juu ya shingo kinazuia injini kunyonya hewa tena.
5. Washa injini bila kukanyaga mafuta. Minya mpira wa juu na wa chini kwa mkono mara kwa mara, ukiwa na glavu. Mapovu makubwa yatapanda kwenye faneli.
6. Subiri themostati ifunguke. Utaijua kwa mpira wa juu unaopata moto ghafla na kiwango cha faneli kinachoshuka. Ongeza kulanti hapo hapo.
7. Pandisha mizunguko hadi 2,000 au 2,500 kwa nusu dakika, iachie, rudia mara tatu. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili na hita ipulize moto bila kuyumba.
8. Zima, acha ipoe kabisa faneli ikiwa bado imejaa. Injini ikipoa hunyonya, na sasa inanyonya kulanti badala ya hewa. Ndipo uondoe faneli na ufunge.

Watu wengi huharakisha hatua ya 8, na ndiyo inayomaliza kazi. Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya kuwasha, angalia tanki la akiba. Kupungua kidogo siku moja au mbili za kwanza ni kawaida. Kupungua siku ya tano si kawaida.

Hita ikibaki baridi na hakuna povu hata moja, gusa mipira yake miwili. Mmoja wa moto na mwingine baridi maana yake rejeta ya hita imeziba au vali haifunguki. Yote miwili ikiwa vuguvugu na injini imepata joto, shuku pampu: mapezi yake yaliyoliwa na kutu, au ya plastiki yaliyolegea kwenye shafti, yanazunguka bila kusukuma kitu.

Magari ya haibridi na mengi mapya yana pampu za umeme na mizunguko miwili au zaidi ya maji. Utaratibu huu peke yake hauyatoshi. Pampu lazima iamriwe izunguke kwa kifaa cha kompyuta, au ujaze kwa mashine ya kunyonya hewa. Mashine hiyo ina faida ya ziada: ukishanyonya, geji yake ikishuka yenyewe ndani ya dakika chache, mfumo unavuja, nawe umejua kabla ya kutia hata tone.

Mshale unapanda ghafla, unashuka ghafla

Maji hayabadiliki joto kwa kurukaruka namna hiyo. Kinachobadilika ni kile kinachogusa sensa: sasa maji, sasa mvuke. Mfuko wa hewa unapita. Hatari iko upande wa pili wa dalili hii. Sensa ikiachwa kwenye hewa kavu inaweza kuonyesha joto la chini huku silinda hedi inaungua. Mshale ukianguka kwenye baridi wakati hita nayo imekata joto, zima gari. Maji hayapo pale yanapotakiwa.

Mpira wa juu wa moto, wa chini baridi

Dakika 15 zimepita, mshale uko juu, mpira wa chini bado baridi. Kuna sababu tatu, na zinatofautishika.

Ya kwanza ni hewa chini ya themostati. Nta iliyo ndani yake inahitaji kuzungukwa na maji ya moto ili ifunguke. Ikizungukwa na hewa, inachelewa sana. Ndiyo maana themostati nyingi zina kitundu chenye kipini kidogo kinachotikisika, nacho lazima kikae juu kabisa, mahali pa namba 12 kwenye uso wa saa ukitazama kwa mbele, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vinginevyo. Ukikiweka chini, hewa haina pa kutokea.

Ya pili ni themostati iliyokwama. Itoe, bana uzi kwenye mdomo wa vali yake, uning'inize ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria. Pasha polepole. Vali ikianza kufunguka, uzi unaachia na themostati inazama. Soma kipimajoto papo hapo. Iliyopigwa muhuri 82 inapaswa kuanza karibu na 82, si 95. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Ya tatu ni rejeta iliyoziba. Injini ikiwa na moto na imezimwa, feni imechomolewa, pitisha kipimajoto cha infraredi juu ya rejeta nzima. Joto linapaswa kupungua taratibu kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea. Doa la baridi katikati ni mirija isiyopitisha maji.

Na kuhusu ule ushauri wa kung'oa themostati na kuitupa: usiufuate. Injini inakaa baridi, inakula mafuta zaidi na oili inachafuka mapema. Kwenye injini ambazo themostati hufunga pia njia ya mkato, kuiondoa kunaacha njia hiyo wazi. Sehemu ya maji inazunguka injini tu bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha kwenye mlima. Umeondoa kifaa kinachotibu tatizo.

Linachemsha kwenye foleni tu, au kwenye mwendo kasi tu

Foleni: feni. Washa AC, feni isipowaka, angalia fyuzi, rilei, plagi, kisha mota yenyewe kwa kuipa umeme wa betri moja kwa moja. Kwa feni inayoendeshwa na injini, tazama klachi yake na mkanda. Ikiwa feni inawaka na bado joto linapanda, chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta, ambako vumbi na majani hujibana mahali pasipoonekana kwa mbele.

Mwendo kasi: mtiririko wa maji. Rejeta imeziba kwa ndani, pampu imechoka, au mpira wa chini unanyonyeka. Mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 injini ikiwa na moto, nawe utazame mpira wa chini. Ukijibana kama koo linalomeza, springi ya ndani imeoza au mpira umelainika. Badilisha.

Mapovu hayaishi

Umetoa hewa saa nzima, feni imewaka mara nne, na mapovu madogo yanaendelea kwa mdundo uleule. Hii sasa ni hewa inayoingia, na mara nyingi ni gesi ya mwako inayopita kwenye gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi na bloku). Vipimo vyake ni hivi.

Gari likiwa limelala usiku kucha, funga kifuniko, washa, shika mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, shinikizo hilo halikutoka kwenye maji ya moto. Limetoka kwenye silinda. Thibitisha kwa kifaa cha kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta: mvuke ukipitishwa humo na bluu ikageuka njano, kuna gesi ya mwako. Kulanti isiguse kimiminika hicho, kitakudanganya.

Toa plagi za moto zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Plagi moja iliyo safi mno kuliko wenzake, kana kwamba imeoshwa, inakuonyesha silinda inayokunywa maji: mvuke umeisafisha. Moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha injini ikiwa na moto unasema hivyohivyo. Usiendelee kuendesha kwa kuongeza maji kila asubuhi. Gasketi iliyoungua kidogo inaweza kubadilishwa na hedi kuchongwa. Hedi iliyochemka tena na tena inaweza kupasuka.

Mapovu yanaweza pia kunyonywa upande wa pampu, kwa klipu iliyolegea kwenye mpira wa chini au sili iliyochakaa. Hapo mpira hauwi mgumu mapema na kimiminika kinabaki bluu. Ni habari njema, kwa hiyo usiruke vipimo ukafungua hedi bure.

Tanki la akiba linajaa na halirudishi

Kulanti ikipanuka husukumwa kwenye tanki. Ikipoa hurudi kwa kunyonywa. Ikienda na isirudi, tazama kifuniko. Chini yake kuna raba kubwa, na katikati kivali kidogo. Kivute kwa ukucha: kifunguke kidogo na kirudi chenyewe. Kikiwa kimeganda, injini ikipoa mpira wa juu utajikunja bapa. Raba ikiwa na ufa au alama iliyozama, badilisha kifuniko kwa kingine chenye namba ileile ya shinikizo. Chenye namba kubwa zaidi kinaweza kupasua mipira ya zamani, na chenye namba ndogo kinachemsha mapema. Halafu kagua mrija mwembamba wa kwenda tankini. Ufa wake hauonyeshi tone lolote, ila unaponyonya unavuta hewa.

Inapungua na chini hakuna tone

Tafuta alama kavu. Kulanti ikikauka huacha utando mweupe au wa kijani kwenye ncha za mipira na mshono wa plastiki wa rejeta. Pampu ina kitundu cha chini. Michirizi mikavu hapo ni sili ya pampu. Zulia lenye unyevu upande wa abiria na kioo cha mbele kinachoshika ukungu wa mafuta wenye harufu tamu ni rejeta ya hita. Ukipata pampu ya kupima shinikizo, ijaze hadi namba iliyo kwenye kifuniko, injini ikiwa baridi, uiache dakika 15. Geji ikishuka na nje pote ni kukavu, maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili.

Rangi imebadilika

Kahawia ya kutu ni maji matupu yaliyotumika muda mrefu, au kulanti iliyochoka. Safisha kwa maji: jaza, endesha hadi themostati ifunguke ili bloku nayo isafishwe, acha ipoe, mwaga, rudia hadi yatoke meupe. Mara ya mwisho tumia maji yaliyosafishwa. Ya bomba huacha chokaa. Mpira wa maji wa bustani wenye nguvu usiuchomeke moja kwa moja kwenye rejeta ya hita, shinikizo lake linaweza kuipasua.

Uji mzito hutokana na aina mbili za kulanti zisizopatana. Usichague kwa rangi, kwani kila mtengenezaji hupaka rangi anayotaka. Soma aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Zenye silikati za zamani hubadilishwa takriban kila miaka 2, za asidi ogani hudumu takriban 5.

Rangi ya maziwa yenye mafuta ni oili. Kwa gari la otomatiki ambalo mafuta ya gia hupozwa ndani ya rejeta, vuta pia kijiti cha gia boksi. Kikionyesha rangi ya maziwa ya waridi, rejeta imepasuka kwa ndani. Usiliendeshe tena hata mita, maana maji huharibu klachi za gia boksi haraka sana.

Kumeanza kuvuja baada ya kusafisha

Usafishaji haukutoboa. Umeondoa uchafu uliokuwa umeziba tundu lililokuwepo. Anza na koki ya kumwagia: oringi yake ikibanwa mara ya pili huvuja, na nyuzi zake za plastiki za kukazia huvunjika zikikazwa kwa spana. Oringi mpya, kaza kwa vidole. Kisha klipu: ukiurudisha mpira, klipu ikae kwenye alama yake ya zamani, nyuma ya ukingo wa bomba na si juu yake. Ncha ya bomba yenye kutu isugue kwa sandipepa laini kwanza. Dawa ya kuziba uvujaji usiitie kwenye mfumo uliotoka kuusafisha. Inaganda kwenye mirija ya hita na kwenye vitundu vya kutolea hewa, na wakati mwingine utakapotaka kutoa hewa haitapata pa kupita.